Una Kete Nyingi Lakini Humalizi: Mwongozo Kamili wa Mwisho wa Mchezo wa Chesi

Kila Jumamosi mchana, kwenye kibaraza tunachochezea hapa Majengo, Moshi, naona jambo lilelile. Mtu anacheza vizuri, anakula farasi wa mwenzake, anakula na ngome. Zikibaki kete nne ubaoni anaanza kuzunguka kama daladala inayosaka abiria saa tano asubuhi. Dakika kumi baadaye wanapeana mikono: sare.

Wiki hii peke yake nimetumiwa picha nne za ubao, zote zikiwa na swali moja: "Kaka, hapa nilishindwaje kushinda?" Nimejibu kwa mdomo mara nyingi, na bado picha zinakuja. Kwa hiyo leo naandika hatua kwa hatua. Usisome tu. Weka kete ubaoni.

## Vifaa

- Ubao wenye herufi a hadi h na namba 1 hadi 8 pembeni. Kama wako hauna, ziandike kwa kalamu ya wino mzito. Bila hizo hutafuata hata mstari mmoja wa mwongozo huu.
- Kete. Kwa mazoezi haya unahitaji wafalme wawili, malkia, ngome mbili, askofu mmoja na askari wachache, basi. Seti iliyopoteza farasi haina shida.
- Daftari na kalamu.
- Saa ya chesi, au simu yenye programu ya saa.
- Mpinzani. Akikosekana, programu ya Lichess ni ya bure, na ukishaipakua unaweza kucheza na injini yake (yaani kompyuta inayocheza dhidi yako) hata bando likiisha. Injini ina viwango 8. Tumia cha 8, maana mpinzani dhaifu atakufundisha uvivu.

Maneno nitakayotumia: kila kisanduku cha ubao ni *nyumba*. *Safu* inapanda toka kwako kwenda kwa mwenzako (safu ya e), *mstari* unalala (mstari wa 7). Nyumba e5 ni ile ya safu ya e, mstari wa 5. *Askari* ni yule mdogo ambaye wengine humwita kitunda. *Cheki* ni mfalme kushambuliwa, na *chekmeti* ni cheki asiyoweza kuikwepa: hapo mchezo umekwisha na umeshinda.

## Onyo kwa waliotoka kwenye drafti

Wengi wetu tulianzia kwenye drafti za vifuniko vya soda, na drafti imetupa kitu kizuri: kuhesabu. Lakini imetuachia ugonjwa mmoja. Kwenye drafti, ukimfungia mwenzako akakosa pa kwenda, umeshinda. Kwenye chesi, ukimfungia mfalme asiye kwenye cheki na mwenyewe hana kete nyingine ya kusogeza, hiyo ni stelmeti, na stelmeti ni sare.

Mimi mwenyewe nimeilipia. Kwenye mashindano fulani Arusha nilikuwa na malkia, mwenzangu ana mfalme mtupu kwenye a8. Nikamweka malkia c7 kwa mbwembwe, nikanyanyua kikombe cha kahawa. Hakuwa na pa kwenda, na hakuwa kwenye cheki. Nusu pointi ikaondoka, na kahawa ikawa chungu kuliko kawaida yake.

## Hatua ya 1: Malkia dhidi ya mfalme peke yake

Weka mfalme wako a1, malkia c4, mfalme mweusi e5. Ni zamu ya mweusi.

Angalia umbali: toka c4 hadi e5 ni mruko mmoja wa farasi. Huo ndio umbali unaoutaka. Malkia hapo hawezi kuliwa, na anambana mfalme bila kumpa cheki. Sasa mwige kama kivuli. Mweusi akienda d6, yaani nyumba moja kushoto na moja juu, malkia naye anakwenda kushoto moja, juu moja: b5. Endelea hivyo. Kila mwendo kizimba kinapungua.

Kwa nini usipige cheki? Kwa sababu cheki inamfukuza, na anayefukuzwa huenda anakotaka yeye. Wanaoanza hupiga cheki ishirini na mfalme bado yuko katikati ya ubao anapunga upepo.

Mfalme mweusi akiingia kona, acha kuiga papo hapo. Umbali wa farasi kwenye kona ndio stelmeti: mfalme a8 na malkia c7 au b6. Badala yake mfungie kwenye nyumba mbili. Malkia akiwa d7, mfalme mweusi anabaki kutembea a8, b8, a8, b8. Mwache atembee. Wewe leta mfalme wako taratibu hadi b6, kisha malkia d8 au b7 ni chekmeti.

Umefaulu ukiwa: unaweka kete ovyoovyo, unamaliza chini ya dakika mbili, mara kumi mfululizo bila stelmeti. Ukicheza bila kosa lolote, miendo 10 inatosha kutoka popote.

## Hatua ya 2: Ngome dhidi ya mfalme peke yake

Hapa ngome inajenga ukuta na mfalme wako ndiye anayesukuma. Ngome peke yake haimalizi kitu.

Weka mfalme wako d6, ngome h7, mfalme mweusi c8. Zamu yako. Ngome imeuziba mstari wa 7, mweusi amebanwa kwenye mstari wa 8. Unachotaka ni wafalme watazamane uso kwa uso, halafu ngome ipige cheki. Lakini sasa hivi hawatazamani.

Usimsogeze mfalme. Sogeza ngome hadi g7, mwendo wa kupoteza muda tu. Sasa mweusi *lazima* asogee:

1. Akienda d8, mnatazamana. Ngome g8, chekmeti.
2. Akienda b8, mfuate: mfalme c6. Akirudi c8, ngome g8 ni chekmeti. Akikimbilia a8, mfalme b6. Hana njia ila b8, na ngome g8 inamaliza.

Mwendo huo wa kupoteza muda ndio siri yote ya hatua hii. Watu hawauamini kwa sababu unaonekana hauna maana, lakini kwenye chesi kuna wakati zamu ni mzigo, na mwenye busara humtwika mwenzake.

Tahadhari: kuna kanuni ya miendo 50. Ikipita miendo 50 bila kete kuliwa wala askari kusogea, mwenzako ana haki ya kudai sare. Toka popote pale, ngome inahitaji miendo isiyozidi 16 kwa mchezo safi. Wewe ukimaliza ndani ya 25 uko vizuri.

## Hatua ya 3: Askari anayekimbia, mfalme anayefukuza

Usihesabu kwa kidole nyumba moja moja, saa itakuishia. Chora mraba kichwani.

Askari wako yuko h4, na akifika h8 anakuwa malkia. Toka h4 hadi h8 ni nyumba nne. Chora mraba wenye upande huo kuelekea kwa mfalme mweusi: h4, h8, d8, d4. Kama ni zamu yako na mfalme mweusi yumo ndani ya mraba, hata ukingoni kwenye d4, atamkamata askari. Kama yuko c4 na ni zamu yako, amechelewa. Akiwa c4 lakini zamu ni *yake*, anaingia mrabani kwa mwendo huo na anamdaka.

Kosa la kawaida: askari ambaye hajasogea bado. Huyo anaruka nyumba mbili, kwa hiyo mraba wake uchore kana kwamba yuko mstari wa 3.

Hatua hii ni fupi, siku moja inatosha. Inayofuata ndiyo yenye kazi.

## Hatua ya 4: Mfalme na askari mmoja

Kama utasoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, soma hii. Picha tatu kati ya zile nne nilizotumiwa zilikuwa hapa.

Weka hivi. Weupe: mfalme e1, askari e2. Weusi: mfalme e8. Weupe wanaanza na *wanashinda*.

Karibu kila mtu ninayemkalisha mbele ya ubao huu anasukuma askari hadi e4. Hapohapo ushindi umekwenda. Mweusi e7, mfalme wako e2, mweusi e6, wako e3, mweusi e5. Amesimama mbele ya askari wako na hutampita kamwe. Dada mmoja wa Pasua alibishana nami nusu saa nzima juu ya hili, akajaribu njia sita, zote sare. Sasa yeye ndiye anayewafundisha wadogo.

Njia sahihi: mfalme anatangulia, askari anafuata.

1. Mfalme d2. Mweusi e7.
2. Mfalme e3. Mweusi e6.
3. Mfalme e4.

Simama hapa uangalie. Wafalme wanatazamana, e4 na e6, nyumba moja katikati, na zamu ni ya mweusi. Asiye na zamu ndiye mwenye nguvu. Mweusi analazimika kupisha. Akienda d6, wewe pita upande wa pili: f5. Akirudi e7, mfalme e5, mnatazamana tena, na zamu ni yake tena. Ni kama watu wawili wanaokutana kwenye kichochoro cha sokoni Mbuyuni: mmoja atapisha, na unataka awe yeye.

Je, mkitazamana na zamu ni yako? Ndiyo maana askari hakukimbia mbele! Bado ana hatua ya akiba: e2 hadi e3. Zamu inahamia kwa mweusi. Askari aliyebaki nyuma ni fedha iliyofichwa chini ya godoro.

### Unalenga wapi?

Askari akiwa mstari wa 2, 3 au 4, nyumba za ushindi ni tatu, mistari miwili mbele yake. Askari wa e2: d4, e4, f4. Askari wa e4: d6, e6, f6. Mfalme wako akikanyaga mojawapo, umeshinda bila kujali zamu ni ya nani.

Kuna jingine rahisi kukumbuka: mfalme e6, askari e5, mweusi e8. Hapo unashinda hata zamu ikiwa yako. Mfalme d6, mweusi d8, askari e6, mweusi e8, askari e7, mweusi analazimika f7, mfalme d7, malkia anazaliwa.

### Sasa geuza ubao, jilinde

Nusu ya mazoezi ifanye ukiwa mweusi. Weupe: mfalme e5, askari e6. Wewe mweusi: e7. Mweupe anakwenda d5. Unarudi wapi?

Nyuma moja kwa moja: e8. Akija d6, wewe d8, mnatazamana. Askari e7 cheki, wewe e8, na mfalme wake akija e6 kumlinda askari, ni stelmeti. Umejiokoa. Lakini ukirudi d8 badala ya e8, anakuja d6, unakwenda e8, askari anaingia e7 *bila* cheki, unasukumwa f7, kwisha habari.

Alama ya kukariri: askari akiingia mstari wa 7 kwa cheki, kwa kawaida ni sare, akiingia kimya, amepita.

Umefaulu ukiwa: unashinda mchezo wa e1 na e2 dhidi ya injini mara tano mfululizo, na unapata sare ukiwa mweusi mara tano mfululizo. Mara nne haihesabiki. Anza upya.

## Hatua ya 5: Mitego miwili ya pembeni

Askari wa safu ya a au h. Sahau ya hatua ya 4. Mfalme anayelinda akifika kona iliyo mbele ya askari, ni sare, maana hakuna upande wa pili wa kumzungukia. Kabla hujabadilishana kete za mwisho ukabaki na askari wa a, hesabu kwanza kama mfalme wa mwenzako anafika a8.

Askofu wa rangi mbaya. Una askofu *na* askari wa h, mwenzako ana mfalme tu, na bado ni sare! Inatokea askofu wako akiwa hatembelei rangi ya nyumba ya kona. Nyumba h8 ni nyeusi. Askofu wa nyumba nyeupe hawezi kumtoa mfalme pale. Mzee mmoja pale kibarazani, fundi wa drafti, alikataa kuamini. Akasukuma miendo arobaini, akavua miwani akaifuta, akasema, "Hii chesi yenu ina dhuluma."

## Hatua ya 6: Ngome na askari dhidi ya ngome

Miisho ya ngome ndiyo utakayokutana nayo mara nyingi kuliko mingine, kwa sababu ngome hutoka nyumbani mwisho na hubadilishwa mwisho. Nadharia yake ni ndefu sana, lakini picha mbili, yaani mipangilio miwili ya kete ubaoni, zinakufikisha mbali: moja ya kushinda, moja ya kujiokoa.

### Kujenga daraja

Weupe: mfalme d8, askari d7, ngome f1. Weusi: mfalme g7, ngome c2. Zamu ya weupe.

Mfalme wako amesimama mbele ya askari wake mwenyewe. Ukitoka sasa hivi, ngome nyeusi itakupiga cheki hadi jioni. Unahitaji mwavuli.

1. Ngome f4! Mweusi, tuseme, c1.
2. Mfalme e7. Ngome nyeusi e1, cheki.
3. Mfalme d6. Ngome d1, cheki.
4. Mfalme e6. Ngome e1, cheki.
5. Mfalme d5. Ngome d1, cheki.
6. Ngome d4.

Mwavuli umefunguka. Cheki zimekwisha na askari anakuwa malkia. Kwa nini f4 na si f3 au f2? Kwa sababu mfalme anashuka hadi mstari wa 5, na ngome inatakiwa imsubiri mstari mmoja chini yake. Picha hii inaitwa ya Lucena, mwandishi wa chesi wa Hispania, ingawa kwenye kitabu chake cha 1497 haimo.

### Ukuta wa mstari wa 6

Hii ni ya Philidor, bingwa wa chesi wa Ufaransa wa karne ya 18, na imeniokoa mara nyingi. Weupe: mfalme d5, askari e5, ngome h7. Wewe mweusi: mfalme e8, ngome a6.

Kazi yako ni kukaa. Ngome yako inauziba mstari wa 6 ili mfalme mweupe asipande. Tembea a6, b6, a6, bila haraka na bila kumkaribia mfalme wake. Mweupe hana la kufanya ila kusukuma askari hadi e6. *Hapohapo*, wala si kabla, ngome yako inashuka hadi mstari wa 1, mfano a1. Mfalme akija d6, cheki kutoka d1. Akienda e5, cheki kutoka e1. Hana tena mahali pa kujificha, kwa sababu askari wake ameshapita pale ambapo angejifichia.

Makosa mawili ni ya hatari: kushuka mapema kabla askari hajafika e6, na kubaki mstari wa 6 baada ya askari kufika.

Zaidi ya hapo, shika hili: ngome hukaa nyuma ya askari anayekimbia, awe wako au wa mwenzako.

## Hatua ya 7: Kuyapeleka mezani

Mazoezi ya ubao mtupu hayana maana kama kwenye mchezo wenyewe hujui lini uingie kwenye miisho hii.

Ukiwa mbele kwa kete, badilishaneni kete kubwa, lakini askari wako walinde. Ukiwa nyuma, kinyume chake: kula askari, mpe askari, safisha ubao, maana bila askari hata mwenye askofu au farasi wa ziada mara nyingi hawezi kukumaliza.

Malkia wakishaondoka, mtoe mfalme. Siku zote tumefundishwa kumficha, na mafunzo hayo yanakwisha siku malkia wanapoondoka. Mfalme anayebaki g8 wakati mwenzake yuko e5 ni kama mtu aliyelala nyumbani siku ya kuvuna kahawa.

Na kabla ya kubadilishana ngome za mwisho, ondoa mikono mezani. Kwenye mashindano, ukigusa kete yako kwa nia ya kuicheza, lazima uicheze. Jiulize: baada ya kubadilishana, mfalme gani anafika kwanza? Nani ana hatua ya akiba? Kubadilishana hakurudishwi.

## Ratiba

Dakika 25 kwa siku zinatosha. Wiki ya kwanza hatua ya 1 hadi 3. Wiki ya pili *na ya tatu* hatua ya 4, usiifupishe. Wiki ya nne hatua ya 5 na 6. Baada ya hapo, kila siku picha moja ya zamani, ukiwa na dakika 3 kwenye saa na sekunde 2 za nyongeza kila mwendo. Bila saa kila mtu ni bingwa.

Ukikwama na hujui kama hali ni ya kushinda au sare, fungua ubao wa uchambuzi wa Lichess na upange kete. Zikiwa 7 au pungufu, wafalme wakihesabiwa, intaneti ikiwepo itakuambia jibu la uhakika, si makisio. Lakini cheza kwanza, uliza baadaye. Anayeuliza kwanza hakumbuki kitu kesho yake.

Kwenye daftari andika vitu vitatu tu kila siku: tarehe, picha uliyofanya, na kosa. Usiandike "nilicheza vibaya". Hilo si kosa, hiyo ni huzuni. Andika mwendo wenyewe. Ukurasa wangu wa Jumanne iliyopita, umeme ukiwa umekatika na taa ya simu ikiwa kwenye ubao, unasema: "e1 na e2. Nilisukuma askari kabla ya mfalme. Mara ya tatu mwezi huu."